Mauritania peke yako ukiwa na pasi ya Tanzania: inawezekana, ila si kama blogu zinavyosema

Mkuu, umeuliza kama Mtanzania anaweza kuzunguka Mauritania, nchi ya jangwa kule kaskazini-magharibi mwa Afrika, mwenyewe, bila kampuni ya utalii, kwa usafiri wanaotumia wananchi, na kama mwezi wa saba unafaa. La kwanza, ndiyo. La mwezi wa saba nitalifikia mwishoni.

Mimi niliingia nikitokea Dakar, nikapita Nouakchott, mji mkuu, nikapanda jimbo la Adrar (Atar, Chinguetti, Ouadane), kisha nikarudi pwani hadi Nouadhibou. Wengine waliokujibu kabla yangu hapa jukwaani wamekutisha na nyoka, kiu na magaidi. Kilichonichosha mimi ni vizuizi vya barabarani. Kila abiria anakutana navyo, lakini Mzungu aliyekaa kiti cha pembeni anapita navyo kirahisi kuliko wewe. Blogu haziligusi jambo hili kwa sababu walioziandika halikuwapata.

Sababu yake ni hii. Nouadhibou, mji wa bandari kule kaskazini, ni moja ya sehemu ambako vijana wa Afrika Magharibi hupanda mitumbwi kuelekea visiwa vya Canary vya Hispania. Machi 2024 Umoja wa Ulaya ulikubaliana na serikali ya Mauritania, kwa kitita cha euro milioni 210, kuzuia safari hizo. Mwaka 2025 misako ya wahamiaji ikapamba moto, maelfu wakakamatwa na kupelekwa mipaka ya Senegal na Mali. Basi askari akimwona mtu mweusi mwenye begi mgongoni, asiyejua Kihassania wala Kipulaar, utalii si jambo la kwanza linalomjia kichwani. Anawaza mtumbwi. Ukisema Tanzania anakuuliza ni wapi. Ukitaja Kilimanjaro anatikisa kichwa. Ukitaja Zanzibar uso unafunguka kidogo.

Dawa ni karatasi. Kule kuna kitu wanakiita fishi, ukurasa mmoja wa Kifaransa wenye jina lako, jina la baba na la mama, tarehe na mahali pa kuzaliwa, namba ya pasi na tarehe zake, namba ya visa, kazi yako, unakotoka na unakokwenda. Polisi wana kizuizi chao, jandarmeri (polisi wa kijeshi) wana chao, forodha nao wana chao, na kila mmoja anataka nakala abaki nayo. Toa kopi nyingi, thelathini si nyingi, na mpe dereva fungu lake kabla hamjaondoka. Usipokuwa nazo utaandikwa kwa mkono, pole pole, huku abiria wenzako wakikuangalia. Ongeza tiketi ya kurudi iliyochapishwa, kadi ya njano ya chanjo, na barua ya mwajiri ya Kifaransa yenye muhuri. Barua usiidharau. Kwenye kizuizi kimoja niliteremshwa, begi likafunguliwa lote, nikaulizwa mara tatu nina ndugu gani Hispania. Mkubwa wao alipoona muhuri wa bluu na mstari unaosema natarajiwa kazini tarehe fulani, mjadala ukaisha, akaniagizia chai. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kule neno mwalimu lina uzito.

Visa tangu mwanzo wa 2025 inaombwa kwanza mtandaoni, halafu unalipia na kuchukuliwa alama za vidole unapoingia. Usiende mpakani mikono mitupu kwa kutegemea maandishi ya zamani yanayosema utapata palepale. Ukitokea Senegal, njia iliyozoeleka ni Rosso, ambako unavuka mto Senegal kwa kivuko, na mji wa kila upande unaitwa Rosso. Vishoka wamejaa. Atakuja mtu nadhifu mwenye kitambulisho shingoni, atataka kushika pasi yako "akusaidie". Pasi mpe askari aliyevaa sare na kukaa ndani ya ofisi, basi. Anayetaka amani zaidi apite Diama, upande wa baharini, ingawa usafiri wa huko ni wa kuungaunga.

Fedha yao ni ouguiya. Mwaka 2018 walifuta sifuri moja, elfu moja ya zamani ikawa mia moja, lakini midomo ya watu haikufuta kitu. Muuza duka anakutajia bei ya zamani, unatoa noti mpya, nyote wawili mnachanganyikiwa. Uliza kila mara. Nje ya Nouakchott na Nouadhibou usitegemee mashine ya kutolea pesa. Beba euro taslimu, dola hawaichangamkii sana. Wenyeji wanalipana kwa simu kupitia programu ya Bankily, kwa hiyo mtu wa M-Pesa hatashangaa kumwona muuza mkate akitaja namba. Mgeni wa muda mfupi atabaki na noti zake.

Usafiri ni wa kununua kiti. Gari dogo linapakia abiria wawili mbele pamoja na dereva, na wanne nyuma. Ukiwa na mwili kama wangu, nunua viti viwili vya mbele na usione haya, wenyeji wenye uwezo ndivyo wanavyofanya. Nouakchott hadi Atar ni kilomita 430 hivi za lami, na kuna Hiace pia. Kutoka Atar kwenda Chinguetti unapanda pikapu iliyojaa magunia, mitungi ya gesi na mbuzi. Hakuna ratiba. Unafika asubuhi, unaandikisha jina, unakaa. Funga kilemba cha kweli, kile kirefu wanachokiita hauli, mwombe muuzaji akufundishe kukifunga. Kinazuia vumbi, na pia kinakufanya usionekane mgeni kwa mbali.

Chinguetti ndiyo iliyonipeleka, na hapo usiharakishe. Ni mji wa mawe yaliyopangwa bila lipu, una msikiti wa kale wenye mnara wa mraba, na upande mmoja mchanga umezifukia nyumba nzima. Uliwekwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1996 pamoja na Ouadane, Tichitt na Oualata. Zamani misafara ya mahujaji wa kwenda Makka ilikusanyika hapo, na huko Mashariki nchi nzima ikajulikana kwa jina la mji huu, Bilad Shinqit. Waliopita vyuo vya dini watamkumbuka Sheikh Muhammad al-Amin ash-Shinqiti, mfafanuzi wa maana za Qur'ani aliyefundisha Madina na kufariki 1974. Nisba yake, yaani jina la asili yake, ni hiyo.

Maktaba ni za familia. Unabisha hodi, mzee anatoka na ufunguo, unalipa kiasi kidogo, mnakaa chini. Anakutolea misahafu, fiqhi ya Maliki, vitabu vya nyota na hesabu, vingine vimetobolewa na mchwa hadi unaona ukurasa wa nyuma. Kiarabu changu ni cha madrasa ya Tanga, lakini kilitosha kusoma bismillahi na kufuata mstari kwa kidole nikiwa mbali na karatasi. Mzee alipogundua najua herufi, ziara ya nusu saa ikawa ya adhuhuri mpaka alasiri. Alitaka kujua tunasali kwa madhehebu gani. Nilipojibu Shafi'i akaniambia tunasameheka. Salamu ya kweli, na kuitikia salamu ya mtu kikamilifu (habari za afya, za nyumbani, za safari, za joto), zilinifungulia milango ambayo watalii waliolipia gari la kifahari walikuwa wakipigia picha kwa nje.

Chai ni glasi tatu. Majani ya kijani, sukari nyingi, mnanaa, inamiminwa kutoka glasi hadi glasi mpaka ijae povu. Kuondoka baada ya glasi ya kwanza ni utovu wa adabu, kwa hiyo ukialikwa weka saa mfukoni. Utapewa pia zrig, maziwa yaliyoongezwa maji na sukari, ambayo kwenye joto lile yanashinda soda yoyote. Nouakchott kuna wali wa samaki kama wa Senegal. Adrar utakula kuskusi na nyama ya ngamia, na mboga za majani utaziota ndotoni.

Jambo moja la kujiandaa nalo moyoni. Nchi hii ilitangaza kufuta utumwa mwaka 1981, na ikaufanya kosa la jinai 2007. Utakutana na Wabeidani, watu wa asili ya Kiarabu na Kiberberi, na Waharatini ambao wahenga wao walikuwa watumwa, na wiki ya kwanza haitaisha kabla hujaona nani anakaa kwenye zulia na nani anapakia magunia. Usifungue mjadala huo ndani ya gari la abiria, wala usimpige mtu picha akiwa kazini. Sikiliza. Wapulaar, Wasoninke na Wawolofu wa kusini watakueleza mengi bila kuulizwa, hasa habari za 1989, wakati makumi ya maelfu ya watu weusi walipofukuzwa na kuvushwa mto Senegal.

Ouadane nzuri, magofu ya mawe yameteremka mlimani hadi kwenye mitende, nayo usiikose. Richat, lile "Jicho la Sahara" lenye upana wa kilomita 40 hivi, mimi siwezi kukushauri ulipie. Linaonekana vizuri kutoka angani. Ukisimama katikati yake unaona vilima vya mawe kama vilima vingine. Hela hiyo itumie kukodi gari na dereva kwa njia ya mchanga kati ya Chinguetti na Ouadane, mchangie na wageni wengine mtakaokutana kwenye nyumba ya wageni. Hapo peke yako usijaribu. Nenda na mwenyeji, hata kwa matembezi ya mchana kwenye matuta.

Sasa treni ya madini ya chuma, maana najua umeiona YouTube. Inabeba madini kutoka Zouérat hadi Nouadhibou, kilomita 704, reli ilifunguliwa 1963, mabehewa zaidi ya 200 na urefu unaopita kilomita mbili. Wageni walizoea kupanda juu ya madini usiku. Mzungu alikuwa akishuka Nouadhibou usiku wa manane, amejaa vumbi la chuma kichwa hadi vidole, anapiga picha ya kuweka Instagram. Wewe ungeshuka hivyo hivyo, kwenye mji uleule ambako polisi wanatafuta watu wa mitumbwi, bila hata kipande cha tiketi mkononi, ungetoa maelezo mpaka kuche. Mimi niliiangalia ikipita pale kituo cha Choum, dakika nyingi mno, nikarudi zangu Nouakchott na kwenda Nouadhibou kwa barabara, na fishi zangu mkononi. Mashariki, upande wa Mali, na kaskazini kuelekea Algeria, usitie mguu kabisa. Ni maeneo ya jeshi.

Kuhusu mwezi wa saba: Adrar wakati huo joto linapita nyuzi 40, na magari yanasafiri usiku. Ndio msimu wa getna, mavuno ya tende, familia za mjini zinahamia kwenye mitende kula na kupumzika, kwa hiyo kuna raha yake kwa aliyealikwa na mwenyeji. Kwa mgeni anayesubiri pikapu juani ni adhabu. Novemba hadi Februari ndio wakati wake, na beba sweta, usiku ni baridi kweli. Kama mwajiri hakusogezei likizo, basi baki pwani. Kaa Nouakchott, uende ufukweni jioni mitumbwi ya rangi ikirudi na samaki, halafu upande hadi hifadhi ya Banc d'Arguin, ambako wavuvi wa Kiimragen bado wanatumia tanga kwa sababu boti za injini zimekatazwa. Mtu wa pwani hatachoka kuwaangalia wakigeuza foromali. Adrar iache hadi upate likizo ya Desemba.

Atakayetaka mfano wa fishi kwa Kifaransa aandike hapa chini, nitaweka maneno yake yote ajaze tu.