Mgombea wa bunge la Minnesota akigonga mlango wako, haya ndo ya kumuuliza

Novemba 2026 viti vyote 201 vya bunge la Minnesota vinapigiwa kura, 134 vya House (baraza la wawakilishi) na 67 vya Seneti, kwa hiyo kama unakaa Brooklyn Park, Brooklyn Center, Rochester au popote walipojaa watu wetu, jua mlango wako utagongwa, simu itaita, na ukitoka ibadani utamkuta mgombea kasimama nje anagawa vikaratasi. Nawaandikia nyie mlioapa uraia juzi juzi, na nyie vijana mnaojitolea kwenye kampeni kwa mara ya kwanza. Hii kazi ya kutembea mlango kwa mlango nimeifanya misimu kadhaa sasa, na kitu kinachoniuma ni kuona watu wetu wanampima mgombea kwa mambo ambayo hata akishinda hayako mikononi mwake kabisa.

Utasikia mtu anauliza, huyu atatusaidia viza za wazazi? Atasimamisha watu wa uhamiaji? Ndugu yangu, viza, uraia, grini kadi, hayo yote ni ya serikali kuu Washington, mtu anayegombea kwenda St. Paul, makao makuu ya jimbo, hana kalamu ya kusaini hayo. Taka na mashimo ya mtaani kwako ni ya siti kanso, yaani baraza la mji. Shule ya mtoto kufunga saa ngapi ni ya bodi ya shule. Sasa ukiondoa hayo watu wanadhani hakuna kilichobaki, kumbe kilichobaki ndo maisha yenyewe.

Angalia 2023. Mwaka ule chama cha DFL, yaani Democrats wa Minnesota, kilikuwa na Seneti kwa 34 dhidi ya 33, yaani kiti kimoja tu, na chini ya wingi huo mdogo zikapita sheria ambazo wewe unazitumia leo bila kujua zilitoka wapi: leseni ya udereva bila kuulizwa makaratasi ya uhamiaji, chakula cha bure shuleni kwa kila mtoto, siku za kuumwa zenye malipo, na likizo ya kulipwa ya uzazi na ugonjwa iliyoanza 1 Januari 2026. Mwaka huohuo wakafungua MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo, kwa watu wasio na makaratasi, ikaanza Januari 2025, alafu kwenye mapatano ya bajeti ya 2025 ikafungwa tena kwa watu wazima kufikia mwisho wa mwaka, watoto wakabaki. Mlango ulifunguliwa ukafungwa ndani ya mwaka mmoja, na waliofunga na kufungua ni watu hawahawa wanaokuja kukugongea. Kwa hiyo mgombea akikwambia kipaumbele changu ni afya, usiitikie tu kwa kichwa. Muulize, lile la MinnesotaCare ungepiga kura gani, na bajeti ikibana unakata nini kwanza?

Na hapa niseme na nyie manesi, PCA (mnaohudumia wagonjwa majumbani) na mnaofanya shifti za usiku kwenye grupu homu, manake ndo sisi hao, nusu ya ninaoongea nao milangoni wametoka kazini au wanaelekea kazini. Mshahara wako hauamuliwi na bosi peke yake. Hela nyingi ya hizo huduma ni Medikedi, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na viwango ambavyo jimbo linamlipa mwenye kampuni kwa kila mteja vinawekwa na bunge pale St. Paul, kwahiyo bosi akisema hana hela ya kuongeza mara nyingine anasema kweli, hela haijaongezwa kule juu. Mgombea anayesema "nawapenda sana wahudumu wa afya" bado hajasema kitu. Anayekwambia nitapigania kupandisha viwango vya huduma za nyumbani, na pesa itatoka hapa, na nitaomba kukaa kamati ya huduma za jamii, huyo walau amesoma. Bajeti ya Minnesota inapitishwa ya miaka miwili, mwaka wa namba witiri, Januari mpaka Mei, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Atakayechaguliwa Novemba 2026 ataingia moja kwa moja kwenye bajeti ya 2027, hana muda wa kujifunza taratibu. Kama leo hajui hela ya shule inagawanywaje, Januari atajuaje?

Mgombea ambaye tayari yuko bungeni usimuulize ataleta nini, angalia alichofanya. Kila mswada una namba na majina ya walioutunga, kura zimeandikwa, vikao vya kamati vina video, yote bure kwenye intaneti. Ila muwe makini, kutunga mswada sio kupitisha mswada, miswada mingi sana inawasilishwa na haipati hata siku moja ya kusikilizwa kwenye kamati, inakufa kimya kimya. Mtu anaweza kujaza ukurasa mzima wa miswada yenye jina lake na hakuna hata mmoja uliotoka kamatini. House inahitaji kura 68 ili mswada upite, kwahiyo muulize pia, ni nani wa upande wa pili umewahi kufanya naye kazi? Hili swali nalipenda kuliko yote. Baada ya uchaguzi wa 2024 House ilitoka 67 kwa 67, na bila kuongea na upande wa pili hakuna kilichoweza kutoka pale.

Sasa sifa. Za kisheria ni chache mno: awe na haki ya kupiga kura Minnesota, awe na miaka 21 anapoingia ofisini, awe amekaa jimboni mwaka mmoja, na kwenye distrikti yake (eneo la uchaguzi) miezi sita kabla ya uchaguzi. Ada ya kugombea ni dola 100. Hakuna pahali panaposema lazima uwe umezaliwa Marekani, hilo ni la urais. Huldah Momanyi-Hiltsley mzaliwa wa Kenya alichaguliwa 2024 kutoka distrikti 38A. Ilhan Omar aliyepita kambi ya wakimbizi kule Kenya aliingia bunge la Minnesota kwa uchaguzi wa 2016, na alimng'oa mtu aliyekuwa amekaa pale tangu 1973.

Ila hayo machache yanauma. Curtis Johnson wa DFL alishinda kiti cha House cha distrikti 40B mwaka 2024 kwa tofauti kubwa, alafu mahakama ikaamua kwamba hakuwa anaishi kweli kwenye distrikti hiyo, akakosa kiti. Chama chake kikabaki na 66 dhidi ya 67, House ikakwama wiki kadhaa, na kiti kikajazwa kwa uchaguzi mdogo wa Machi 2025. Watu elfu nyingi walipiga kura yao kwa nia njema na wakaanza mwaka bila mwakilishi kwa sababu ya anwani! Kwahiyo usione haya kumuuliza mgombea, unakaa wapi, tangu lini. Mwenye nyumba yake hapo hatakasirika.

Zaidi ya sheria, mimi digrii hainishtui sana. Nataka mtu aliyewahi kusimamia kitu ambacho kingeweza kuanguka, zahanati, chama cha wafanyakazi, biashara ndogo, bodi ya shule, na watu aliowasimamia bado wanamuongelea vizuri. Uliza wao, sio yeye. Alafu angalia ripoti zake za michango, Bodi ya Fedha za Kampeni ya jimbo inaziweka wazi, utaona nani anamchangia.

Na kwa wanaojitolea: grini kadi inakuruhusu kugonga milango, kupiga simu na hata kuchanga hela yako mwenyewe, lakini usijiandikishe kupiga kura kabla hujaapa, hata mtu wa kampeni akikusukumia fomu. Hilo linaweza kukuharibia makaratasi yako yote. Ukishakuwa raia, Minnesota unajiandikisha hata siku ileile ya kura ukiwa na uthibitisho wa anwani.

Usidharau kura za mchujo za Agosti pia, ambapo kila chama kinachagua mgombea wake. Distrikti nyingi zetu ni za chama kimoja, anayeshinda Agosti ndo kashashinda, na watu wanaojitokeza siku hiyo ni wachache. Na Novemba nayo kura chache zinatosha: Shakopee, kwenye distrikti 54A, kiti cha 2024 kiliamuliwa kwa kura 14 baada ya kuhesabu upya. Kura 14 ni gari mbili za watu wanaotoka shifti moja, kwahiyo panga lifti mapema, ongea na msimamizi akubadilishie saa, na mwenye shifti mbili mfuateni apige kura ya mapema, inaanza siku 46 kabla.