Uliza Shangazi wa Kazi: Pesa imekatwa kwa karatasi, NSSF haijafika

SWALI: Shangazi habari ya siku nyingi. Mimi niko hapa Kisumu, nina kaofisi kadogo kando ya Oginga Odinga Street, tuko wanne, tunasaidia kampuni na mambo ya HR, mishahara, bima ya matibabu na pensheni. Mteja wetu mkubwa ana wafanyakazi 60, na pesa yake ndio inalipa rent ya ofisi na karibu nusu ya mishahara ya vijana wangu. Sisi tunatengeneza pesilipu, wao wanalipa watu. Juzi nikipitia rekodi nikakuta miezi tisa NSSF, ile michango ya pensheni ya wafanyakazi, haijapelekwa na kila mwezi inakatwa. Kumuuliza mkurugenzi akaniambia "wewe tengeneza karatasi, mambo ya pesa niachie, biashara ni ngumu saa hii." Nikisukuma sana ataenda kwingine. Nifanyeje? Mama Ofisi, Kisumu.

JIBU: Mama Ofisi, barua yako nimeisoma usiku nikakosa usingizi, kwa sababu hiyo karatasi mimi naijua. Miaka ya nyuma nilikuwa karani wa mishahara kwa kampuni fulani Nakuru, jina sitaji, na kila mwisho wa mwezi nilikuwa natoa pesilipu zimeandikwa NHIF (ile bima ya matibabu ya serikali ya wakati huo), kiasi fulani, na najua kabisa cheki haijatoka. Nilikuwa najiambia mimi ni karani tu. Halafu kuna jamaa wa stoo, mpole sana, mke wake akaenda kujifungua ikawa ni operesheni, hospitali kuangalia kadi wakasema haijalipiwa. Akaja kwa dirisha langu na pesilipu sita amezikunja vizuri kwa bahasha ya kaki, akaniuliza, "Mama, si hizi ni wewe uliandika?" Hakupiga kelele wala hakunitukana. Mwaka huo nikaacha ile kazi.

Ndio maana nakuambia, usiangalie nani anatia sahihi cheki yako. Angalia nani anaamini karatasi yako. Mkurugenzi anajua pesa iko wapi, wewe sasa unajua, kijana wako wa kompyuta anajua, anayedanganywa ni yule mmoja wa wale 60 ambaye hajawahi kuitwa kwa mkutano wenu hata mara moja, na anadanganywa na kitu kimetoka kwa printa yako.

Hebu tupige hesabu kidogo. Tuseme kila mtu anapata 25,000. NSSF ni asilimia 6 kutoka kwake na asilimia 6 kutoka kwa mwajiri, hiyo ni 1,500 na 1,500, yaani 3,000 kwa mwezi. Watu 60 ni 180,000. Miezi tisa ni 1,620,000, na nusu yake, 810,000, ilikuwa mshahara wa watu ambao wamefanya kazi wakamaliza. Huyo bosi amewakopa bila kuwauliza. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu kukata na hapo hapo inamlazimisha kupeleka, kukata na kukaa na pesa ni kosa la jinai. Na ukiwa hapo kwa rekodi angalia pia SHIF, ile ya bima ya afya, asilimia 2.75, na makato ya nyumba asilimia 1.5, kwa sababu mtu akishazoea kukalia moja huwa haachi zingine.

Sasa cha kufanya. Muandikie barua yeye mwenyewe, sio meneja wake, weka mwezi kwa mwezi na jumla chini, na umpe njia ya kutoka, waende ofisi ya NSSF pale Kisumu kabla hawajafuatwa, waseme deni ni hili na tunaomba kulipa polepole. Wengi huogopa barua kuliko maneno ya simu. Halafu mwambie wazi kwamba kuanzia mwezi ujao hutatoa pesilipu mpaka uone risiti ya mwezi uliopita, na makato ya NSSF yanafaa kufika tarehe 9 ya mwezi unaofuata, kwa hivyo hakuna kisingizio cha kusema muda haukutosha. Mimi ningempa mwezi mmoja. Akikataa, muachie azitengeneze mwenyewe kwa jina lake.

Lakini tafadhali usichukue majina na mishahara ya hao watu uanze kusambaza kwa WhatsApp kwa hasira, kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na hizo ni siri zao, sio zako. Ila mfanyakazi akikuuliza juu ya pesa yake mwenyewe, usimzungushe. Mwambie aende NSSF aombe taarifa ya michango yake, ni haki yake.

Kuhusu vijana wako, siwezi kukuahidi hutampoteza huyo mteja. Kaa nao chini uwaambie ukweli wote, na muanze kutafuta wateja wadogo watatu wanne saa hii, kabla hiyo barua haijatoka. Afadhali mbane mkanda kidogo.

SWALI: Shangazi, niko Kakamega, nimeanza kazi ya kushauri kampuni juu ya bima za wafanyakazi. Meneja mmoja wa HR anataka asilimia kumi kila mwaka ndio anipe kazi, eti kila mtu hutoa. Na kampuni moja ya bima imeniahidi komisheni ya juu nikiwapelekea wateja wangu wote. Hiyo ya pili si iko sawa? Kijana wa Lurambi.

JIBU: Ya kwanza ni hongo mwanangu, na Sheria ya Hongo ya 2016 inashika anayetoa na anayepokea hata kama kampuni ni ya mtu binafsi. Na jiulize hiyo asilimia kumi itatoka wapi. Itatoka kwa bima yenyewe, halafu siku moja mama fulani yuko kwa wodi ya uzazi anaambiwa pesa yake ya bima imeisha.

Ya pili, komisheni si dhambi, mabroka wanaishi nayo, mradi umeandikishwa na IRA, wale wanaosimamia mambo ya bima (na ukigusa kusimamia pensheni, hapo ni RBA, wasimamizi wa pensheni). Shida ni kuificha, na kuwapeleka wote mlango mmoja. Leta bei za kampuni tatu, na ile inakulipa kidogo iwe ndani, na uandike kwenye pendekezo kila moja itakulipa ngapi. Mteja achague akiona yote.

Na huyo meneja mjibu kwa barua pepe, usimjibu kwa simu.