Kabla Hujachora Mpiga Upinde

Mteja akija kwangu akitaka mpiga upinde, kabla hatujafika kwenye bei namuuliza: mshale uko wapi? Wengi hucheka. Mimi huchora kuta, matatu na mabango ya wanamuziki hapa Nakuru, na jibu la swali hilo huamua karibu kila kitu kinachofuata, hadi rangi.

Kuna mshale ulio ndani ya podo, ule mfuko wa mishale. Zaburi ya 127 inawafananisha watoto na mishale mkononi mwa shujaa, kisha inamwita heri aliyelijaza podo lake. Hapo hakuna anayepigwa. Mishale ni akiba ya nyumba. Ukipewa bango la kwaya inayoimba kuhusu familia, chora podo lililojaa na upinde uulaze chini. Malaika anayelenga watu ni habari nyingine kabisa, hata umpe uso mpole kiasi gani.

Mshale ulio angani mara nyingi ni wa mapenzi, na hapo ndipo wasanii wetu hukata hadithi nusu. Eros, mungu wa mapenzi wa Wagiriki, ambaye Warumi walimwita Cupid, alikuwa na mishale ya namna mbili. Wa dhahabu ulimfanya mtu apende, wa madini ya risasi ulimfanya akimbie mapenzi. Alimpiga mungu Apollo kwa ule wa dhahabu, akampiga msichana Daphne kwa ule mwingine, na Apollo akamfukuza binti wa watu mpaka binti akageuka kuwa mti. Kijana mmoja wa ohangla, muziki wa Waluo, kutoka Kisumu aliniagiza kopa lililochomwa mshale, na wimbo wenyewe ulikuwa wa msichana asiyepokea simu zake. Nikamwambia basi tuweke yote miwili, mmoja unang'aa, mwingine wa kijivu. Alikaa kimya akiutazama mchoro wa penseli, kisha akasema ubeti wa mwisho itabidi auandike upya.

Mshale ukiwa tayari mwilini, shujaa amebadilika: sasa ni yule aliyechomwa. Wakatoliki wanamjua Mtakatifu Sebastian, amefungwa kwenye mti au nguzo, mishale imemjaa. Kinachosahaulika ni kwamba katika simulizi lake mishale haikumuua. Mjane Irene alimtibu akapona, naye akarudi kumkemea Kaisari Diocletian usoni, ndipo akapigwa virungu hadi kufa. Kwa wimbo wa mtu aliyesemwa akavumilia, mimi ningemchukua Sebastian na kuwaacha wapiga upinde wote.

Halafu kuna mshale ambao haukurushwa. Wachina wanasimulia juu ya Hou Yi: majua kumi yalichomoza kwa pamoja, mazao yakaungua, akatungua tisa. Akaliacha moja. Bado sijapata mteja wa picha hiyo, na mahindi yanavyonyauka miaka mingine huku kwetu, namsubiri.

Kuhusu kuchora kwenyewe, kasoro ninayoiona kwenye kuta nyingi ni uzi. Mkono umevutwa hadi shavuni, lakini uzi umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Uzi uliovutwa ni mistari miwili inayokutana vidoleni, na ncha za upinde hurudi nyuma kuufuata. Mkono ulioshika upinde unanyooka, bega lake linashuka. Kiwiko cha mkono unaovuta kinakaa nyuma, karibu usawa wa mshale. Ukishika hayo, silaha yenyewe unaweza hata kuiacha. Huko Chicago kuna wapanda farasi wawili wa shaba waliowekwa mwaka 1928, kazi ya Ivan Meštrović, mmoja wa mkuki na mmoja wa upinde. Hakuna mkuki, hakuna upinde, hakuna mshale. Misuli inakueleza kila kitu.

Kwa wanamuziki nina pendekezo jingine. Apollo huyohuyo alikuwa mungu wa kinubi na wa upinde, na Homer, mshairi wa Wagiriki, anasema shujaa Odysseus aliutia upinde wake uzi kama mwimbaji anavyotia kinubi uzi mpya, akaujaribu kwa kidole ukalia kama mbayuwayu. Ukiwa Kisumu huna haja ya Wagiriki kuliona hilo. Mtazame mpiga orutu, fidla ya Waluo: uzi mmoja, na mkononi kijiti kilichopindwa kama upinde wa mwindaji. Mchore yeye. Ila usimtie mshale asiye na mshale. Nimeombwa mara kadhaa nimchore Luanda Magere amechomwa mshale kisiginoni. Huyo ni Achilles wa Wagiriki, aliyepigwa na Paris. Shujaa wa Waluo, mwenye mwili wa jiwe, aliuawa kwa mkuki uliochomwa kwenye kivuli chake, na nyanya yeyote wa Nyando atakukosoa mbele za watu.

Sasa jambo zito. Nakuru mshale si pambo tu. Januari 2008, baada ya uchaguzi, watu walichomwa mishale katika mji huu, na waliobaki na makovu bado tunapanda nao matatu. Mwaka wa uchaguzi sichori mpiga upinde anayemlenga mtu, awe nani, alipe nini. Yeyote mwenye brashi hapa afikirie hilo kabla ya kupokea amana.

Anayetaka nyota yake ya kuzaliwa ya Novemba na Desemba, yaani Sagittarius, mpiga upinde, namchorea bila wasiwasi, kwa sababu yule wa mbinguni ana shabaha yake. Jioni za Agosti, ukitazama kusini kutoka hapa, mshale wake unaelekea kulia, kwenye Antares, nyota nyekundu iliyo moyoni mwa kundi la nyota la Nge. Kwa hiyo mchoro naupeleka ubavu wa kulia wa gari, upande wa dereva: mshale unaelekea mbele pamoja na matatu, na Nge namweka juu ya gurudumu la mbele.