Kabla Hujaniuliza Habari za Turbo, Vuta Kijiti cha Oili

Juzi usiku nimepata ujumbe kutoka kwa kijana wa Sengerema. Nauweka kama ulivyo: "Kaka shikamoo, nimeona video yako ya Jumapili. Na mimi nina Altezza ya 2001. Nina milioni 3 mkononi, nataka nifunge turbo nije nikuache. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza asante kwa kuiona hiyo video, maana mlioiona ni wachache. Ile ya 2022, ambayo navutwa na Canter iliyosheheni dagaa kutoka Kisesa hadi Nyakato, ilizunguka magrupu yote ya Mwanza, na kuna mtu akaiwekea wimbo wa msiba. Ya Jumapili nimemaliza mizunguko yote, nimeshika nafasi ya 5 kati ya magari 14, nimemwacha nyuma jamaa wa Subaru anayejisikia sana, na imetazamwa na watu 40. Mmoja wao mama yangu. Sina kinyongo. (Ninacho kidogo.)

Kwa mgeni hapa: mimi nauza spea za mashine za boti pale Mwaloni, Kirumba. Nyingi ni Yamaha. Sasa Altezza RS200, gari la Toyota kama hili langu, inatumia injini ya 3S-GE, lita 2, silinda nne, ambayo Toyota waliitengeneza wakishirikiana na Yamaha hao hao. Ndiyo maana siku naliona gari lile nilijihesabu mtaalamu papo hapo. Yamaha wamenisomeshea watoto, nitashindwaje na injini yao yenye magurudumu?

Nililinunua 2019 kwa milioni 7. Miezi 8 nilikuwa nasaka la gia za mkono, gia 6, kwa sababu mengi ya hapa mjini ni otomatiki, na mengine yana ile injini ya silinda sita ambayo ni laini kama uji lakini haina haraka na mtu. La gia za mkono lilitoka kiwandani na nguvu za farasi 210, injini ikizunguka mara 7,600 kwa dakika. Namba hiyo niliikariri kama namba ya simu ya mchumba.

Halafu nikaanza ujinga. Egzosi kubwa, hadi watoto wa mtaa wa pili wakawa wanajua nimerudi. Rimu. Springi nikazikata kwa grainda ili gari lilale chini, na kila tuta la Buhongwa likawa linanidai. Taa za nyuma ndizo sikuzigusa, maana dunia nzima iliziiga, ningezibadilisha ziwe nini? Kwa mwaka mmoja na nusu fedha zote zilienda kwenye vitu vinavyoonekana na vinavyosikika. Oili nilikuwa namwachia kijana wa kuosha magari aangalie "akipata nafasi".

Uwanja wetu hauna jina. Ni eneo la changarawe nje ya Kisesa, upande wa kuelekea Magu, mwenyewe hutukodisha Jumapili na serikali ya kijiji inajua. Kona ni tairi chakavu zilizopakwa chokaa. Gari linaingia moja moja, muda unapimwa kwa simu, na kuna mama wa chai na chapati ambaye kusema kweli ndiye anayepata faida kuliko sote.

Siku ile ya 2022 niliyovutwa na Canter nilikuwa nakwenda vizuri, naapa. Mzunguko wa tatu, kona ndefu ya kushoto, ile inayouzunguka mwembe karibu wote. Gia ya pili, injini iko juu, mkia umetoka kidogo, watu wanapiga mbinja. Taa nyekundu ya oili ikapepesa mara moja, ikazima. Nikasema ni waya tu, wiki ile ile fundi umeme alikuwa ameingiza mikono kwenye dashibodi kufunga redio. Mzunguko wa nne, kona ile ile, ikapepesa tena, safari hii ikakawia kuzima. Mzunguko wa tano nikasikia kama mtu anabisha hodi. Ko. Ko. Ko-ko-ko. Nikanyoosha mkono nizime redio. Redio ilikuwa imezimwa tangu asubuhi.

Injini imenoki, yaani vyuma vya ndani vimeanza kugongana. Anayelijua neno hilo sihitaji kumweleza jinsi tumbo linavyoporomoka.

Nyakato, fundi akafungua nati ya sampu, lile beseni la oili chini ya injini. Oili ikatoka lita 2 na kidogo. Injini ile inataka zaidi ya lita 4. Nilikuwa nimekuja mashindanoni na nusu ya damu mwilini, na sikujua, kwa sababu injini ya umri ule ikikimbizwa hunywa oili bila kutoa moshi wa kukushtua.

Lakini aliyenifungua macho si fundi. Jumatatu yake alikuja dukani mzee mmoja wa Ukerewe, mteja wangu wa siku nyingi, kununua impela. Akaona nimenuna, nikamsimulia. Mzee yule hajawahi kumiliki hata pikipiki. Akanisikiliza, akageuza geuza ile impela mkononi, akasema: "Mwanangu, dumu la petroli likibaki robo na ziwa likachafuka, boti ikilala upande, mashine si inakohoa? Mpira unavuta upepo. Kila siku wewe ndiye unayetuambia tujaze dumu. Sasa gari lako ulikuwa unalilaza upande mmoja na dumu robo, ulitegemea nini?"

Niliona aibu mpaka nikampunguzia bei.

Ndivyo ilivyokuwa. Oili inakaa kwenye sampu, na pampu inaivuta kwa mdomo wenye chujio uliozama humo. Ukikata kona ndefu kwa kasi, oili yote inakimbilia upande wa nje. Mdomo ukibaki mkavu, pampu inameza hewa. Bearingi za konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krenkishafti, hazigusani na chuma kingine, zinaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele, na utando huo ukikatika, chuma kinakula chuma. Ile taa nyekundu nayo haiwaki presha ikishuka. Inawaka presha ikiwa karibu imekwisha, yaani inakuja kukupa pole.

Bearingi zilipotolewa, moja ilikuwa imekwanguka mpaka rangi ya shaba inaonekana, na krenkishafti ina mistari. Fundi akaniambia, "Bosi, hii tunapiga msasa inarudi." Nikakubali kwa sababu nilitaka kukubali. Wiki tatu baadaye ilinoki tena, Buzuruga, mbele ya daladala zote.

Nikaagiza injini nyingine kwa wauza spea wa Gerezani, Dar, milioni 2 na laki 3. Ikaja imefungwa nailoni vizuri kama zawadi ya harusi. Kufungua: 3S-FE. Ni injini nzuri ya kupeleka watoto shule, imo kwenye RAV4 na Caldina za zamani, ila si mali niliyolipia na hata mikao yake haiendani na gari langu. Nikampigia muuzaji. Akanijibu, "Bosi, 3S ni 3S tu." Nimerudishiwa milioni 1 na nusu baada ya simu ambazo sizihesabu. Jina lake silitaji. Yeye anajijua.

Miezi 11 iliyofuata siisimulii, ni kusubiri hela. Injini sahihi niliipata Shinyanga kwenye Altezza iliyogongwa ubavuni.

Safari hii nilianza na sampu. Nilikata bati, nikachomelea kuta ndogo ndani yake kuuzunguka ule mdomo wa pampu, chini ya kila ukuta nikaacha upenyo ili oili irudi katikati lakini isikimbie yote kwa mara moja. Kazi yenyewe siku moja. Kilichonisumbua ni kujua mdomo utakaa umbali gani kutoka kwenye sakafu, maana ukigusa hauvuti, ukiwa juu sana unameza hewa. Nikachukua kipande cha ugali uliopoa, nikakiweka sakafuni, nikafunga sampu kwa boliti mbili, nikafungua, nikapima ugali uliominywa. Mke wangu alisimama mlangoni akaniangalia, akarudi jikoni bila neno. Halafu osha sampu, osha tena, usiache hata punje ya takataka za weldingi. Nikafunga na geji ya mshale ya presha ya oili, usawa wa macho kabisa, sio kule chini karibu na goti. Na kijiti navuta mwenyewe, kabla na baada ya kila zamu, gari likiwa sehemu tambarare.

Jumapili, kona ya mwembe, mshale haukutikisika. Nimeurekodi. Nikiwa peke yangu huwa nauangalia.

Sasa turbo yako, mdogo wangu, hiyo feni ya kusukumia injini hewa ya ziada. Sikuzuii kwa wivu. Injini hiyo ya gia za mkono tayari inabana 11.5 kwa 1, yaani mchanganyiko wa hewa na petroli unaminywa hadi sehemu moja ya 11.5 kabla ya kuwashwa. Ndugu yake aliyezaliwa na turbo, 3S-GTE, yule wa Celica GT-Four ambayo Ian Duncan alishinda nayo Safari Rally ya 1994, alitoka kiwandani akibana kati ya 8.5 na 9. Toyota hawakupunguza kwa kusahau. Ukisukumia hewa ya turbo kwenye injini inayobana hivyo, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake na pistoni zinavunjika. Kuiandaa upya ipokee turbo, milioni 3 haifiki hata nusu ya safari. Ni kweli ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na gari lisilo na turbo linapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake hapa. Naujua uchungu huo. Lakini wenzako wasio na turbo wanapoteza kiasi hicho hicho.

Milioni 3 hiyo: oili, geji, sampu. Rejeta na mfuniko wake. Springi nzima, zisizokatwa. Mafuta ya breki ya DOT 4 kwenye kopo lililofungwa, usinunue yale ya kupimiwa kutoka kopo lililokaa wazi, yananyonya unyevu, na hapa ziwani unyevu si wa kutafuta. Yakiwa mapya yanachemka nyuzi 230, yakishanyonya maji ni 155, na siku yakichemka pedali inazama mpaka kwenye kapeti. Helmeti. Halafu oili tena, angalia oili.

Na ninyi mnaokimbizana usiku barabara ya kwenda uwanja wa ndege, msinitumie video zenu. Sizifungui. Kule kuna mama anavuka na ndoo. Njooni Kisesa Jumapili, mtaachwa kwa heshima.

Kijana nimeshamjibu. Jumamosi anavuka Daraja la Kigongo–Busisi anakuja dukani. Nimemwambia gari lilale Mwanza usiku mmoja bila kuwashwa, asubuhi tutavuta kijiti pamoja kabla ya chai.