Kabla Hujanunua Kifaa Ulichokiona kwa Nyota

Mwishoni mwa Mei 2021 mpwa wangu alinitumia picha ya LeBron James, nyota wa mpira wa kikapu wa Marekani, akiwa na spika ndogo za masikioni ambazo wakati ule hazikuwa zinauzwa katika duka lolote duniani, na chini yake akaandika maneno mawili tu: "Mjomba, umeona?" Nilikuwa nimeona. Siku chache kabla ya hapo michoro ya spika hizo ilikuwa imekutwa ndani ya toleo la majaribio la programu ya iPhone, kwa hiyo sisi tunaofuatilia mambo haya tulikuwa tunasubiri masikio ya mtu mashuhuri yathibitishe. Zilikuwa Beats Studio Buds, za kampuni ya Beats iliyo chini ya Apple, nazo zilitangazwa rasmi tarehe 14 Juni kwa bei ya dola 149.99. Mimi sikuifikia tarehe hiyo nikiwa na akili zangu. Mwanzoni mwa mwezi huo winga mmoja, yaani dalali wa mitaani, wa soko la Kariakoo aliniambia kwamba anazo "zile zile za LeBron", zimeingia na mzigo wa ndege, na kwa shilingi 180,000 nikauziwa mbuzi kwenye gunia.

Nilipoziwasha, sauti ya kike ilinitangazia kwa Kiingereza kwamba zimeunganishwa, kisha taa ya bluu ikaanza kumeta kwenye kila sikio kama ya gari la wagonjwa. Upande wa kushoto ulidumu siku tisa. Zile halisi zilipotoka nilizilinganisha na zangu picha kwa picha, nikagundua kwamba umbo la nje lilikuwa limeigwa vizuri sana, lakini kila kitu ambacho hakikuonekana kwenye michoro iliyovuja kilikuwa cha kubuni. Aliyezitengeneza hakuwa ameziona za kweli hata mara moja. Alikuwa ameiona picha ile ile niliyoiona mimi.

Hilo ndilo lililonifanya nibadili namna ninavyotazama skrini, na ndilo ninalotaka kumshauri msomaji mwenye ugonjwa kama wangu wa kusimamisha video kila anapoona simu asiyoitambua. Picha ya kifaa kisichouzwa humfikia mteja na mwigaji kwa wakati mmoja, na mwigaji ana haraka kuliko kampuni yenyewe. Kati ya siku nyota anapoonekana nacho na siku kinapoingia sokoni kihalali kuna kipindi ambacho chochote utakachouziwa kwa jina hilo ni cha kutiliwa shaka, na katika kipindi hicho ndipo hamu yako inakuwa juu kabisa.

Jambo la kwanza ninalofanya siku hizi ni kutafuta tarehe ya kurekodiwa, kwa sababu picha ya mtandaoni inaweza kuwa ya asubuhi hiyo, tamthilia huwa imerekodiwa wiki au miezi kabla ya kurushwa, na filamu kubwa hukaa hata zaidi ya mwaka. Kwa filamu, simu mpya kabisa kuonekana mkononi mwa mhusika ni jambo linalohitaji makubaliano ya mapema na kampuni, na mara nyingi kilichomo kwenye skrini ya simu hiyo huwa kimewekwa baadaye na mafundi wa studio, kwa hiyo huwezi kukitumia kama ushahidi wa namna kifaa kinavyofanya kazi. Mpango huo wa mapema unaweza pia kumrudi mwenyewe. No Time to Die, filamu ya James Bond, ilikuwa itoke Aprili 2020, na Nokia 8.3 5G ilitangazwa Machi mwaka huo ili iende sambamba nayo. Ugonjwa wa Uviko-19 ukaifanya filamu iahirishwe hadi mwishoni mwa Septemba 2021, na simu iliyokusudiwa kuwaonyesha watu mambo ya kesho ikafika kwenye sinema ikiwa na zaidi ya mwaka mmoja.

Halafu kuna makosa ya macho, na haya nimeyafanya hadharani. Niliwahi kuwatangazia jamaa zangu kwamba kampuni fulani imehamishia kamera upande wa pili wa mgongo wa simu, kumbe msanii alikuwa amejipiga picha mbele ya kioo na kila kitu kimegeuka. Tafuta maandishi kwenye fulana, saa ya ukutani au mkono wenye pete kabla ya kusema chochote kuhusu mahali ilipo kamera. Kosa jingine ni kudhani kwamba simu iliyofunikwa nembo kwa utepe mweusi ni kifaa cha siri. Mara nyingi maana yake ni kinyume: watengenezaji wa kipindi hawakuwa na makubaliano na kampuni hiyo, hivyo wanaficha jina lake. Kampuni inayotaka kifaa chake kionekane hukataa kifunikwe, na wakati mwingine huchagua hata nani akishike. Mwongozaji wa filamu Rian Johnson alieleza mwaka 2020 kwamba Apple huruhusu iPhone zitumike kwenye filamu, ila mhusika mbaya haruhusiwi kuonekana nayo. Tangu nisikie hivyo, filamu za upelelezi zimeniharibikia.

Mahali pa kuthibitishia si kwenye maoni ya mashabiki. Kifaa chochote kinachorusha mawimbi ya redio, iwe simu, saa janja au spika isiyo na waya, hupaswa kupata idhini ya Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, kabla ya kuuzwa nchini humo, na kumbukumbu za idhini hizo ziko wazi kwa kila mtu. Kampuni inaweza kuomba picha na mwongozo wa matumizi vifichwe kwa muda wa hadi siku 180, lakini jina la mwombaji na masafa ya redio hubaki yakionekana. Mimi hutazama hapo kwanza. Nikikuta kumbukumbu, najua kifaa kipo na kimekaribia. Nisipokuta, naendelea na shughuli zangu na mpwa wangu ananiona nimezeeka.

Mjadala ambao hatujaumaliza mimi na yeye ni kama ni haki nyota wapate vitu hivi kabla yetu. Yeye huona ni dharau: mtu anayeweza kununua duka zima anapewa bure, na mwenye kudunduliza miezi sita anapanga foleni. Mimi nilikuwa na hasira hiyo hiyo Januari 2010, siku nne baada ya Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati ule, kuitambulisha iPad, mchekeshaji Stephen Colbert alipochomoa moja kutoka ndani ya koti lake kwenye jukwaa la tuzo za Grammy na kusoma majina ya wanaowania tuzo. Miezi miwili baadaye, tarehe 31 Machi, tamthilia ya Modern Family ikarusha sehemu nzima ambayo baba wa familia anaitamani iPad kwa ajili ya siku yake ya kuzaliwa, na siku tatu baadaye ikaanza kuuzwa. Watengenezaji wa tamthilia hiyo walisema Apple haikulipia nafasi ile. Inawezekana kabisa. Lakini tamthilia ilirushwa na kituo cha runinga cha ABC, ABC ni mali ya Disney, na mtu binafsi aliyekuwa na hisa nyingi kuliko wote ndani ya Disney wakati ule, tangu aiuzie Disney studio yake ya katuni, Pixar, mwaka 2006, alikuwa Steve Jobs. Si lazima mtu atoe bahasha pale ambapo wote wanakula kwenye sinia moja.

Kadiri nilivyofuatilia mifano kama hiyo ndivyo hasira yangu ilivyopungua, kwa sababu niliona kwamba nyota katika habari hizi hafanyi kazi ya mteja wa kwanza. Anafanya kazi ya bango. Aprili 2015, kabla Apple Watch haijaanza kuuzwa tarehe 24, Beyoncé alionekana na saa ya dhahabu yenye mkanda wa dhahabu ambao haukuwa dukani hata kwa mwenye fedha, na Pharrell Williams na Katy Perry nao walionekana na zao. Saa za dhahabu za toleo lile zilianzia dola 10,000. Mwaka uliofuata Apple iliacha kuzitengeneza, na mwaka 2018 programu mpya ya saa zake, watchOS 5, haikuzifikia kabisa. Beyoncé hakupata hasara yoyote, naye hakuwahi kusema kwamba saa ile itadumu. Aliyeumia ni yule aliyeitazama picha na kudhani ameambiwa kitu kuhusu ubora.

Tena bango huwa halikai na kile linachokitangaza. Mwaka 2013 kampuni ya simu ya BlackBerry ilimteua mwanamuziki Alicia Keys kuwa mkurugenzi wake wa ubunifu, na wiki chache baadaye ujumbe ukatoka kwenye akaunti yake ya Twitter ukiwa na alama kwamba umetumwa kwa iPhone. Mwenyewe alisema akaunti yake ilidukuliwa. Mwigizaji Gal Gadot naye aliisifia simu ya Huawei Mate 10 Pro mwaka 2018 kwa ujumbe uliobeba alama hiyo hiyo. Kwa hiyo swali langu kwa kila picha ya namna hii limekuwa moja: mtu huyu atakuwa anatumia nini Jumanne ya kawaida, wakati hakuna mpiga picha? LeBron amekuwa upande wa Beats tangu mwaka 2008, na asingeonekana na spika za kampuni nyingine hata kama zingekuwa bora mara mbili.

Upendeleo wa mapema unaonisumbua zaidi ni ule wa wanaoandika tathmini. iPhone ya kwanza, iliyotangazwa Januari 2007 na kuuzwa kuanzia tarehe 29 Juni, ilikabidhiwa mapema kwa wakaguzi wanne tu wa magazeti ya Marekani, na kwa siku kadhaa dunia nzima iliitazama kwa macho yao manane. Siwatuhumu kwa lolote, lakini anayetegemea kampuni impe kifaa cha mwakani ana sababu ya kuchagua maneno mwaka huu. Ninasoma tathmini za siku ya kwanza kwa ajili ya picha na vipimo, kisha ninasubiri walionunua kwa fedha zao walalamikie betri.

Kuna uwanja mmoja ambao ninamkubalia mpwa wangu bila ubishi, nao hauhusu simu. Agosti 2016, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Rio, Eliud Kipchoge na wenzake wawili waliopanda naye jukwaani, Feyisa Lilesa na Galen Rupp, walikimbia na viatu vya majaribio vya Nike ambavyo umma uliviona madukani mwaka uliofuata kwa jina la Vaporfly. Sisi tuliokuwa mbele ya runinga tulishangilia dhahabu ya Kenya na hatukutazama miguu. Oktoba 2019 huko Vienna, Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40, alikuwa tena na kiatu ambacho hakikuwa kinauzwa, ingawa mbio zile hazikuhesabiwa kama rekodi. Hapo upendeleo wa mapema haukuwa urembo, kwa sababu kiatu chenye povu nene na bamba la kaboni kinamsukuma mkimbiaji, na aliye pembeni yake hakuwa na pa kukinunua hata angekuwa na fedha. Januari 2020 shirikisho la riadha duniani, World Athletics, liliamua kwamba soli isizidi milimita 40, bamba lisizidi moja, na kwamba kuanzia tarehe 30 Aprili kiatu kiwe kimeuzwa kwa umma kwa miezi minne kabla ya kuvaliwa mashindanoni. Baadaye ulitengenezwa mlango wa viatu vya majaribio vinavyoidhinishwa kwa muda, na marehemu Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya 2:00:35 mjini Chicago Oktoba 2023 alikuwa amevaa Alphafly 3, iliyoanza kuuzwa Januari iliyofuata. Natamani mlango huo ungebaki umefungwa. Mkimbiaji wa Iten, kule Kenya, asiye na mkataba na kampuni ya viatu anaposhindwa na kiatu, haambiwi kwamba ameshindwa na kiatu.

Nirudi kwa anayetaka kununua simu. Ikiwa umeletewa simu ambayo ulimwona nayo msanii na ambayo haijazinduliwa, au imezinduliwa juzi huko mbali, usiitazame kwa nje kwanza, kwa kuwa nje ndiko mwigaji alikofanyia kazi. Bonyeza *#06#, chukua namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na kwa hapa Tanzania itume kwenda 15090, kisha usiridhike kwa kuona tu kwamba namba inatambulika. Angalia kama aina ya simu unayojibiwa ndiyo iliyoandikwa kwenye boksi, kwa sababu namba inaweza kuwa imenakiliwa kutoka kwa simu nyingine kabisa. Wengi wetu bado tunakumbuka Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu feki usiku mmoja na mafundi wakapata wateja wenye simu ambazo hakuna fundi angeweza kuzitibu. Muuzaji akikukataza kufungua boksi mpaka ulipe, mwache na boksi lake. Kwa spika za masikioni hakuna namba ya kutuma popote, kwa hiyo kwa hizo ninashauri kitu kimoja: usinunue kabla ya uzinduzi, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Wiki iliyopita mpwa wangu alinitumia picha nyingine, ya mwanamuziki aliyeshika simu yenye kamera mahali pasipo pa kawaida. Nilimwuliza pete ya ndoa iko mkono gani. Alikaa kimya kama dakika tano, akajibu kwamba iko kulia, na maandishi ya kofia yanasomeka kinyumenyume. Kisha akaniuliza kama zile spika zangu za 2021 bado ninazo, maana za kwake amezisahau kwenye daladala na anahitaji angalau upande mmoja.