Gari la Zamani: Nunua Bodi, Injini Itatengenezwa

Ukienda kuona gari la zamani kwa mara ya kwanza, muuzaji atakimbilia kuliwasha. Atakanyaga mafuta ili usikie linavyonguruma. Mwache aliwashe, msifie kidogo, halafu lala chini uangalie uvungu. Injini ya miaka ya 1960 ni mashine nyepesi kueleweka. Fundi mzuri huifungua, akabadilisha kilichochakaa na kuifunga. Bodi iliyooza haina huruma hiyo. Itakula fedha zako mpaka ulichukie gari lenyewe.

Mimi nina Volkswagen Beetle ya 1968, kwa hiyo mifano yangu mingi inatoka huko.

Kabla ya kutaja bei, hakikisha unajua ni gari gani lililo mbele yako. Muuzaji mara nyingi hutaja mwaka alioambiwa na aliyemuuzia, na hati nazo zinaweza kuonyesha mwaka lilipoandikishwa, si lilipotoka kiwandani. Shahidi wa kuaminika ni namba ya chesi. Marekani ilianza kulazimisha namba yenye herufi na tarakimu 17 kwa magari ya 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na mpangilio wake, hivyo tafuta jedwali la kiwanda husika kabla hujaenda kuliona gari. Kwenye Beetle, inua kiti cha nyuma: namba imegongwa juu ya ule mgongo wa chuma unaopita katikati ya sakafu. Kwa Beetle za nusu ya pili ya miaka ya 1960, tarakimu ya tatu ndiyo mwaka wa modeli. Ikianza na 118, ni modeli ya 1968, ingawa huenda ilitoka kiwandani mwishoni mwa 1967, kwa sababu mwaka wa modeli ulianza Agosti.

Zitazame tarakimu zenyewe pia. Zimekaa mstari mmoja? Kuna alama za kusuguliwa, au mshono wa kuchomelea kuzunguka kipande hicho? Ukiona hivyo ondoka, hata bei iwe ya kutupa. Namba ya injini kutolingana na hati ni jambo jingine. Injini ya Beetle imeshikwa na bolti nne tu, na Beetle nyingi zimebadilishwa injini mara kadhaa katika maisha yao. Hiyo ni sababu ya kupunguza bei, alimradi unaweza kusahihisha hati.

Baada ya namba, linganisha umbo. Beetle yenye kioo cha nyuma kilichogawanyika vipande viwili haiwezi kuwa ya baada ya 1953. Kioo cha umbo la yai kiliishia 1957. Muuzaji akikuambia 1955 na kioo ni kipana chenye pembe, mmoja wenu anadanganywa.

Sasa kutu. Chukua sumaku ndogo, izungushie kitambaa laini isikwaruze rangi, ipitishe chini ya milango na kuzunguka matao ya magurudumu. Inapolegea ghafla, chini ya rangi kuna puti nene. Njia hii haifai kwenye bodi ya Land Rover za zamani kwa kuwa paneli zake nyingi ni za alumini; huko kagua chesi ya chuma kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti iliyokufa. Kwenye Beetle usiache kuinua kapeti, kupapasa mabomba ya bodi yanayopita chini ya milango, na kuangalia sakafu chini ya betri, upande wa kulia chini ya kiti cha nyuma. Asidi hutoboa pale kimyakimya. Rangi mpya inayong'aa kwenye uvungu hunitia shaka kuliko kutu ya juujuu inayoonekana.

Ukishalinunua, tulia. Hamu ya kulipeleka likapakwe rangi upya ni kubwa, na ndiyo imeharibu magari mengi mazuri. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, ambalo kwake gari huhesabika la kihistoria likifikisha angalau miaka 30, lina Mkataba wa Turin unaosisitiza kuhifadhi kilichopo kabla ya kufikiria kukifanya upya. Nakubaliana nao kabisa. Rangi ya kiwandani iliyopauka bado ni ushahidi, ukiikwangua hairudi. Piga picha kila kona, na kila kifaa unachokitoa kifungie kwenye mfuko ulioandikwa kilikotoka, hata kama ni kibovu.

Usalama haumo katika heshima hiyo. Paipu za petroli za mpira badilisha zote mara moja, tena uweke zinazostahimili ethanoli, maana petroli ya siku hizi huzilainisha zile za zamani, na kwenye Beetle petroli ikivuja nyuma inaangukia injini ya moto. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili hivi. Tairi nazo zisikudanganye kwa kashata zilizosimama: soma tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT ubavuni, zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Zikizidi miaka kumi, toa.

Kuhusu kulilaza gari muda mrefu bila kuliendesha: turubai la plastiki hufungia unyevu ndani, afadhali kitambaa kinachopumua, na gari liwe kavu kabla ya kufunikwa. Wala usiliwashe dakika tano kila Jumapili ukadhani unalitunza. Injini isiyopata moto kamili huacha maji kwenye oili na kwenye ekzosi. Ama liendeshe mpaka lipate joto sawasawa, ama liache lilale.