Masihi ya Handel kwa vyombo vya kale: rekodi ipi, na kwa nini inapishana na kinanda chenu

Mkuu, umeuliza mawili: uanze na rekodi gani ya Masihi (Messiah) ya Handel, utungo mrefu wa kwaya, solo na okestra, iliyopigwa kwa vyombo vya kale, yaani vya aina iliyotumika enzi zake, na kwa nini kwaya yenu ikiimba pamoja na rekodi hiyo kinanda cha kanisani kinapishana nayo. Naanza na la pili kwa sababu ndilo linalokwamisha mazoezi.

Kinanda cha umeme hutoka kiwandani A yake ikiwa hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Okestra za vyombo vya kale zinapopiga Handel, karibu zote hutumia 415, yaani nusu toni chini. Haleluya, kwaya mashuhuri ya Masihi, imeandikwa do ikiwa D. Kwenye rekodi hizo do hiyo inalia pale ambapo kinanda chenu kina Db. Rekodi haina ubovu na kinanda hakina ubovu. Bonyezeni kitufe kilichoandikwa TRANSPOSE hadi kisome −1, vyote vitakaa pamoja. Kosa la kawaida ni kuipandisha rekodi kwa programu ya simu badala ya kushusha kinanda: mwangwi wa ukumbi unachafuka na violini zinalia kama zina mafua. Kosa lingine ni kusahau −1 ile mpaka Jumapili. Na kama siku ya tamasha mtaimba kwa 440, wiki mbili za mwisho acheni rekodi mrudi kwenye kinanda, la sivyo sauti ya kwanza na ya tatu watashtukia nusu toni ya ziada wakiwa wamekwisha choka.

Hiyo 415 yenyewe ni makubaliano ya siku hizi. Uma wa kupimia sauti unaohusishwa na Handel, wa 1751, unalia 422.5. Wapigaji wa leo wamechagua 415 kwa kuwa ni nusu toni kamili, na hapsikodi nyingi, vinanda vya kale vinavyokwanyua nyuzi, hutengenezwa safu ya vibao vyake iweze kusogezwa hatua moja kwenda 440 na kurudi.

Sasa kuhusu rekodi. Usiulize kwanza nani kaongoza, uliza ni Masihi ya mwaka gani. Handel aliiandika London kuanzia 22 Agosti hadi 14 Septemba 1741, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Baada ya hapo alikuwa akibadilisha solo kufuata waimbaji aliokuwa nao msimu huo. Mwaka 1750, alipompata Gaetano Guadagni, aliiandika upya solo ya "But who may abide", ile ya Malaki 3:2, akaingiza sehemu ya mbio ambapo nyuzi zinatetemeka kama moto wa msafishaji. Solo ya "Rejoice greatly" ina sura mbili, moja ya mwendo wa 12/8 unaobembea na nyingine ya 4/4 inayojulikana zaidi. Kwa hiyo rekodi mbili zikitofautiana hapo, hakuna iliyokosea.

Ukitaka kumsikia Handel wa Dublin, chukua ya kundi la Dunedin Consort chini ya John Butt, lebo ya Linn, 2006. Waimbaji ni kama 12 tu, na wanaoimba solo ndio hao hao wanaoimba kwaya. Alama alizoandika Handel 1741 hazina oboe wala fagoti, vyombo vya kupuliza vya mbao: ni vyombo vya nyuzi, parapanda mbili, ngoma na vinanda vya kusindikiza, basi. Utasikia kila sauti ikipita kama mtu mmoja anayesema nawe, na "For unto us a child is born" inakuwa nyepesi ajabu. Hapo kuna jambo ambalo walimu wengi wa kwaya huhangaika nalo: kwa nini mkazo umeangukia "For", neno lisilo na uzito? Ni kwa sababu Handel aliutoa muziki huo kwenye wimbo wake wa Kiitaliano wa watu wawili, wa mwaka huo huo, unaoanza na neno "No". Kwa Kiitaliano lile pigo la kwanza lilikuwa kukataa kwa nguvu. Ukilijua hilo unawaambia waimbaji wapunguze mkazo wa "For" na kuegemea "child". Waimbaji wa Butt ni wachache mno kuweza kulibamiza neno hilo, na hapo ndipo rekodi hii inapowafaa walimu.

Ukitaka Handel wa London mwenye okestra iliyojaa, tafuta toleo la 1754. Hesabu za malipo za mwaka huo, kwa onyesho la hisani la Foundling Hospital, hospitali iliyolea watoto waliotelekezwa, zimehifadhiwa: violini 14, viola 6, selo 3, besi kubwa 2, oboe 4, fagoti 4, pembe 2, parapanda 2 na ngoma. Kwaya haikufika watu 20, na sauti ya kwanza ya kwaya ilikuwa ya watoto wa kiume. Soma tena hesabu hiyo: wapigaji walikuwa wengi kuliko waimbaji. Kwaya zetu za watu 80 na kinanda kimoja ni kinyume chake kabisa, ndiyo maana uzito unaosikika ni tofauti. Toleo hilo Christopher Hogwood alilirekodi na Academy of Ancient Music na kwaya ya Christ Church, Oxford, ikatoka 1980 kwa lebo ya L'Oiseau-Lyre. Kwangu mimi hiyo bado ni rekodi ya kufundishia kuliko zote. Sauti za watoto hazina mtetemo, maneno yako wazi, na Emma Kirkby anaimba mstari mrefu bila kuusukuma. Wengine wanaiona baridi. Naelewa wanachosema, hasa kwenye kwaya za Sehemu ya Pili.

Ya Trevor Pinnock na The English Concert, lebo ya Archiv, 1988, ndiyo ninayompa mtu ambaye hajazoea vyombo vya kale. Kwaya ni ya watu wazima, parapanda zinang'aa, mwendo hauna pupa. William Christie na Les Arts Florissants wanaiimba kama mchezo wa jukwaani, na Andreas Scholl ndiye alto wake. Masaaki Suzuki na Bach Collegium Japan wametumia toleo la 1753, safi sana. Paul McCreesh ana kasi. Chukua baada ya kuzijua nyingine.

Kipande cha kupimia rekodi yoyote ni "The trumpet shall sound", 1 Wakorintho 15:52, pale Biblia yetu inaposema parapanda italia. Parapanda ya enzi za Handel haina vali, yaani vibonyezo vya kubadili noti. Ni bomba tupu, refu karibu mara mbili ya tarumbeta ya leo, na noti zote zinatoka midomoni. Kwa wanaosoma solfa: do, re, mi na so za oktava ya juu zinakaa vizuri zenyewe. Fa inatoka juu mno, karibu robo toni, iko katikati ya fa na fi. La nayo inashuka kwa kiasi kama hicho. Mpigaji wa zamani aliivuta fa chini kwa midomo peke yake. Wapigaji wengi wa leo hutumia bomba lenye vitundu vidogo vya kuziba kwa vidole, uvumbuzi wa karne ya 20, ili fa na la zikae sawa. Sikiliza mstari unapopanda kutoka so kwenda do kupitia la: la yenye ukakasi kidogo ni dalili ya mpigaji anayefanya kazi ngumu. La iliyonyooka kama ya kinanda imesaidiwa na vitundu au na wakataji wa studio. Angalia pia mwendo: Handel ameandika "pomposo, ma non allegro", kwa fahari bila haraka. Rekodi inayokimbia hapo imemkosea.

Ngoma hazisikiki mpaka Haleluya, na zipo mbili tu, D na A, do na so. Parapanda zenyewe huingia mapema, malaika wanapoimba utukufu kwa Mungu juu, lakini Handel ameagiza zilie kwa mbali na kwa upole. Rekodi inayozipaza mbele pale imemaliza akiba yake kabla ya Haleluya.

Kwa watu wa Pwani, sikilizeni "Pifa", kipande cha vyombo pekee kabla ya wachungaji. Violini zinaiga zumari za wachungaji wa Italia juu ya besi isiyosogea. Aliyesikia zumari atatambua mara moja kinachoigwa. Nyuzi za utumbo wa kondoo na upinde wa kale vinafaa hapo kuliko vya leo kwa sababu noti inavimba kidogo na kufifia, haibaki imenyooka.

Kabla ya kulipa, tazama muda. Masihi kamili ni kama saa 2 na dakika 15 hadi 25, CD mbili. Albamu ya dakika 70 ni vipande teule. Tazama pia "He was despised", Isaya 53:3: ikiwa imefika dakika 10 au zaidi, sehemu ya kati ya mijeledi na marudio ya mwanzo vipo. Ikiwa nusu yake, imekatwa, nami rekodi iliyokata hapo siinunui, kwa sababu marudio yale baada ya mijeledi ndiyo yanayoumiza. Namba za vipande zisiwachanganye: Haleluya ni namba 44 kwenye kitabu cha Novello cha Watkins Shaw na 39 kwenye Bärenreiter, kwa hiyo mazoezini tajeni maneno ya kwanza badala ya namba.

Mwisho, kwenye simu zima uchezaji wa kuchanganya nyimbo na washa ule usioacha pengo, maana vipande vingi vinaungana moja kwa moja. Spika ya simu haitoi besi kubwa wala tiorba, yule ndugu wa mbali wa udi wa taarabu, hivyo sauti ya nne wajifunze kwa visikizio.